Uzi: Ziara za kutembea Unguja mjini zivuke barabara ya Darajani, ziingie Ng'ambo

Mtembeza Wageni wa Malindi (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu mlioko visiwani, bara na ughaibuni.

Nimefungua uzi huu ili tujadili jambo ambalo sisi tunaotembeza wageni Unguja mjini tumelizoea hadi tumeacha kuliuliza. Ziara ya mji kwa miguu huanzia Forodhani, ikapita Ngome Kongwe, ikazunguka Shangani kwenye nyumba ya Tippu Tip na ile inayohusishwa na utoto wa Freddie Mercury, ikarudi Hurumzi na Kiponda kutazama milango ya nakshi, ikafika Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na mwisho ikaingia soko la Darajani kununua viungo. Hapo mgeni huambiwa kwamba ameuona mji. Upande wa pili wa Creek Road, ambayo siku hizi ni Barabara ya Benjamin Mkapa, yaani Ng'ambo, zipo Mlandege, Mchangani, Vikokotoni, Kisiwandui, Mwembetanga, Miembeni, Kikwajuni, Raha Leo na Michenzani. Ni mitaa ambayo imebeba maisha ya watu wa kawaida wa mji huu tangu karne ya 19, na mgeni anapanda ndege bila kujua kuwa ina historia yoyote.

Hoja yangu ni kwamba huu ni mji mmoja, na upande wa mawe hauelezeki bila upande wa udongo. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na unastahili. Lakini jumba la ghorofa tatu la tajiri wa karafuu au wa pembe halikusimama peke yake. Lilihitaji watu wa kuchoma chokaa, wa kubeba boriti za mikoko, wa kuchota maji, wa kupika, wa kulea watoto wa wenye nyumba na wa kupakua majahazi. Anayesimulia nakshi za mlango bila kusema waliokuwa wakiufungua na kuufunga walikuwa nani, na jioni walikwenda kulala wapi, amesimulia nusu ya nyumba.

Katika karne ya 19 rasi ya Mji Mkongwe ilitenganishwa na Ng'ambo na mkono wa bahari uliojaa na kupwa, ambao baadaye, katika karne ya 20, ulifukiwa kidogo kidogo. Mwanzoni mgawanyiko haukuwa mkali kama tunavyoufikiria, kwa kuwa hata ndani ya rasi vibanda vya makuti vilisimama katikati ya majumba ya mawe. Bei za viwanja zilipopanda, na serikali ya kikoloni ilipoanza kutofautisha kwa kanuni nyumba za mawe na vibanda vya wenyeji, mafukara wakasukumwa kuvuka maji. Kwa hiyo mstari tunaoishia sisi kila siku na wageni wetu umechorwa na watu, tena kwa sababu zinazojulikana, na hilo lenyewe ni somo ambalo mgeni angelifahamu vizuri zaidi akisimama Darajani kuliko akisoma kitabu.

Kisha kuna suala la uhuru. Kila mtembezaji anajua kusema kwamba Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwezi Juni 1873, na kwamba jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Ziara nyingi huufunga mlango hapo, na mgeni huondoka akiamini kuwa utumwa uliisha siku hiyo. Haukuisha. Amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, na hata hiyo haikumwachia mtu huru kwa mkupuo: aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuudai, na masuria hawakuingizwa katika haki hiyo hadi mwaka 1909. Walioupata uhuru, wengi wao wakiwa wametoka mashambani, walikuja kuanza maisha mapya Ng'ambo. Huko ndiko wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki walipoitupa na kujitanda kanga kama watu wenye hadhi yao, wakachagua majina, jamaa na mitaa. Ukitaka kumweleza mtu jinsi utumwa ulivyokwisha hapa kwetu, kanisa la Mkunazini ni sura ya kwanza tu. Sura zinazofuata ziko upande wa pili wa barabara.

Ng'ambo hiyo hiyo ndiyo iliyompa makazi Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akaja mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri zilizosikilizwa pwani nzima. Nyimbo zake zilizungumzia mahakimu, matajiri, wanawake walioonewa na wauaji walioponyoka adhabu. Mwaka huo huo wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo wa kodi ya kiwanja. Tuelewe kilichokuwa kinagombaniwa: mkaazi alikuwa mwenye nyumba, kaijenga kwa mikono yake, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ilikuwa ya mtu mwingine au ya wakfu. Wenye ardhi walipoongeza kodi, watu walikataa kulipa, baadhi wakashitakiwa na kufungwa, umati ukawatoa gerezani, na hatimaye serikali ikalazimika kutunga sheria ya kudhibiti kodi hizo. Huu ni ushindi wa watu wasio na mali dhidi ya wenye mali, uliotokea miaka mingi kabla ya vyama vya siasa, na sijui kibao hata kimoja mtaani kinachoutaja.

Ninapendekeza njia hii. Kundi likutane mbele ya soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, mahali ambapo sasa ndipo tunapowaaga wageni. Livuke barabara kuingia Mlandege, lipite Mchangani na Vikokotoni ambako maduka ya nguo na ya vyombo yanawahudumia wenyeji, liende Kisiwandui, lifike Michenzani na Raha Leo, kisha lirudi kwa Kikwajuni na Mnazi Mmoja. Kutoka Darajani hadi Michenzani ni mwendo wa robo saa hivi ukitembea bila kusimama, na kwa kusimama na kusimulia, asubuhi moja inatosha.

Historia iliyosahauliwa haiko Ng'ambo peke yake. Ndani ya Mji Mkongwe pia tunapita mbele ya mambo makubwa tukiwa tumeelekeza kidole kwingine. Ngome Kongwe tunasema ni ya Waarabu wa Oman waliowatoa Wareno, tukanyamaza. Hatusemi kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa karakana ya reli, wakati kampuni ya Kimarekani ilipojenga njia ya treni iliyoanza kazi mwaka 1905 na kwenda hadi Bububu, umbali wa kilomita 11 hivi, ikipita karibu mno na nyumba za watu, na kuacha kubeba abiria katika miaka ya 1920. Wala hatusemi kwamba mwaka 1949 ngome hiyo iligeuzwa kuwa mahali pa wanawake kukutana na kucheza tenisi. Jengo la mahakama la Vuga tunalitaja kwa ajili ya mchoraji wake, J. H. Sinclair, lakini hatuwataji wakulima wa Kiembe Samaki ambao mwaka 1951 walikataa kuchanjiwa ng'ombe wao, wakiwa tayari na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wenzao walipohukumiwa, watu walijaribu kuwakomboa njiani na kwenye gereza, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Wazee wanaiita Vita vya Ng'ombe. Mbele ya jengo lile la mahakama ni mahali panapofaa kabisa kuisimulia.

Naomba maoni yenu, hasa ya wakaazi wa mitaa niliyoitaja na ya watembezaji wenzangu.


Binti wa Michenzani

Waaleikum salaam kaka yangu. Nimeusoma uzi wako wote na naunga mkono nia yake, lakini nina mashaka ambayo ningependa uyajibu kabla hamjaanza kuleta makundi.

Sisi tunaoishi kwenye maghorofa ya Michenzani tunaanika nguo mbele ya madirisha yetu, watoto wanacheza chini, wanawake wanakaa nje jioni wakiwa na kanga za nyumbani. Mji Mkongwe umekwisha kuzoea kamera, na tumeona matokeo yake: wenye nyumba wengi wamehama, nyumba zimekuwa mahoteli, na mtoto akimwona mgeni anamwomba pesa kabla ya kumsalimia. Sitaki mtaa wangu ufike huko. Mgeni anayekuja kutazama majumba yetu marefu yaliyochakaa asije akadhani anatazama umasikini, wala asipige picha ya mama yangu akiwa kwenye ngazi bila idhini yake.

Na pili, kama historia yetu ina thamani ya kuuzwa, anayeishi ndani yake atapata nini? Bei ya ziara inalipwa kwa kampuni au kwa mtembezaji, chakula cha mchana kinaliwa Shangani, kanga inanunuliwa kwenye duka la watalii kwa bei isiyo ya kawaida. Mtaa unabaki na vumbi la miguu yao.


Mtembeza Wageni wa Malindi

Dada yangu, mashaka yako ndiyo yanayopaswa kuwa masharti ya kazi yenyewe, nami nitayajibu moja baada ya jingine.

Kuhusu picha, kundi liambiwe kabla ya kuvuka barabara kwamba kamera inabaki mfukoni mpaka mtembezaji aseme, na kwamba mtu hapigwi picha bila kuombwa. Kundi lisizidi watu sita au saba, kwa sababu kundi kubwa linaziba njia na kuwafanya wenyeji waondoke kwenye baraza zao, na baraza ikishaondokewa hakuna cha kuonyesha tena. Ngazi na korido za maghorofa zisiingiwe kabisa. Historia ya Michenzani inasomeka vizuri ukiwa umesimama barabarani, kwenye mzunguko.

Kuhusu pesa, napendekeza kahawa inywewe Ng'ambo, urojo uliwe Ng'ambo, kanga inunuliwe Mchangani kwa bei anayonunua mwenyeji, na kila ziara iwe na mtu wa mtaa anayelipwa kusimulia mtaa wake mwenyewe. Mimi ni mtu wa Malindi. Naweza kuisoma Mwembetanga kwenye nyaraka, lakini aliyekulia Mwembetanga anajua nani alikuwa akiuza nini kwenye kona ipi, na mgeni anautambua mara moja ujuzi wa aina hiyo.

Kuhusu uchakavu, hapo ndipo maelezo yanapohitajika zaidi. Mgeni akiyaona majumba bila maelezo ataona saruji iliyochakaa. Akielezwa kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema kuliko karibu nchi zote za Afrika, kwamba wataalamu wake walichora mpango mpya wa mji na kujenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani, na kwamba Michenzani ikafuata kuanzia karibu mwaka 1970 kwa azma ya kuwatoa watu kwenye vibanda na kuwapa maji ya bomba, umeme na choo cha ndani, ataona jaribio la taifa changa la kutimiza ahadi kubwa. Aelezwe pia kwamba ili barabara zile mbili pana zinazokatana zipite, nyumba nyingi za watu zilibomolewa, na kwamba si kila aliyebomolewa alifurahi. Mambo yote mawili ni ya kweli na yanasimulika pamoja.


Mwalimu Mstaafu wa Kikwajuni

Vijana wangu, nawapongeza kwa mjadala wa heshima. Nimefundisha historia miaka mingi, na nina la kuongeza juu ya mahali pawili, kwa kuwa hapo ndipo mtembezaji anapoweza kuharibu.

La kwanza ni Raha Leo. Jumba lile lilijengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 liwe kituo cha jamii kwa watu wa Ng'ambo. Katika miaka hiyo hiyo wakoloni walitikiswa. Mwezi Agosti 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, mgomo ukaenea mji mzima, na wengi wa waliogoma walikuwa wakilala Ng'ambo. Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na redio ile ikaja kuwa na makao yake Raha Leo. Mtaa ambao haukuwahi kusikilizwa ukawa ndio unaosikika kisiwani kote. Tarehe 12 Januari 1964 waliopindua serikali walipata silaha katika kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, wakaweka makao yao Raha Leo, na sauti ya John Okello, mmoja wa viongozi wao, ikatoka kwenye redio hiyo. Mtu anaweza kusoma mengi juu ya siku ile, lakini akisimama pale anaelewa kwa nini aliyetaka kuushika mji alilitaka jumba hilo, lililoko katikati ya Ng'ambo, kabla ya kasri ya sultani iliyoko pwani.

Hapo sasa ndipo penye uzito. Katika kundi lako atakuwepo mgeni asiyejua lolote, na pengine atakuwepo mjukuu wa aliyekimbia usiku ule kwa jahazi akaishia Muscat au Dubai, amekuja kutafuta nyumba ya babu yake. Na anayepita njiani akikusikiliza anaweza kuwa mjukuu wa aliyefurahi usiku ule kwa sababu babu yake alikuwa mchukuzi asiye na kiwanja. Usimwambie yeyote kati yao kwamba maumivu yake si ya kweli. Sema yaliyotokea: kwamba wengi walipata makazi, shule na ardhi, na kwamba wengi waliuawa, walinyang'anywa na kufukuzwa. Mtembezaji anayetaka kupendwa na upande mmoja atasimulia nusu, na nusu hiyo itarudi kumuumiza mtu mwingine. Nimewasikia wa pande zote mbili wakifanya hivyo.

La pili ni Kisiwandui. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa pale tarehe 7 Aprili 1972, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, na kaburi lake lipo hapo hapo. Ni mahali pa heshima na pana taratibu zake. Kundi lisifike bila kuomba ruhusa, na mtembezaji awe amejiandaa kwa maswali juu ya kiongozi ambaye alijenga sana na aliogopwa sana.

Na hili nalisema kwa watembezaji wote. Nendeni Kilimani kwenye Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu. Kuna barua, ramani, magazeti na picha za mji huu kwa Kiarabu, Kiingereza na lugha nyingine. Nimeshangazwa na jinsi watu wanaoishi kwa kusimulia historia wanavyopita mbele ya jengo lile bila kuingia.


Kijana wa Shangani

Mwalimu, shikamoo. Kaka mwanzilishi, nami natembeza wageni na nina leseni ya Kamisheni ya Utalii, kwa hiyo nazungumza kama mwenzenu. Tatizo kubwa ni soko. Mgeni amekuja siku mbili kabla ya kwenda ufukweni Nungwi au Paje. Kwenye simu yake ameandika mambo manne: soko la watumwa, Freddie Mercury, milango na bustani ya Forodhani jioni. Ukimwambia Vikokotoni anakuuliza kuna nini. Kampuni nayo inakupa saa tatu na orodha. Wakati huo papasi nje ya hoteli anamwahidi ziara yote hiyo kwa nusu ya bei yako, akiwa hana leseni wala maarifa.

Tena watalii wanapenda mahandaki ya Mkunazini. Ukimwambia mgeni ukweli wote kuhusu mahandaki yale, atakwambia umemharibia.


Mtembeza Wageni wa Malindi

Ndugu yangu, umeligusa jambo ambalo nilitaka lije kwa mdomo wa mwenzetu. Vyumba vile viwili vya chini ya ardhi huonyeshwa kama mahali watumwa walipofungiwa kabla ya kuuzwa, lakini wanahistoria wamelitilia shaka jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni miaka kadhaa baada ya soko kufungwa, na likatumika kama hospitali. Mimi mgeni nampeleka, namwonyesha, namweleza kinachodaiwa na sababu za kutiliwa shaka. Kisha namtoa nje hadi kwenye sanamu za mashimoni zenye minyororo, na namweleza kwamba soko lilikuwa hapa, katika uwanja ulio wazi, mchana kweupe, watu wazima na watoto wakipangwa mbele ya wanunuzi, na kwamba mji mzima ulikuwa ukiona. Sijawahi kuona mgeni aliyeharibikiwa na maelezo hayo. Waliouzwa pale waliteseka kikweli, na mateso yao hayahitaji kuegemezwa kwenye chumba chenye shaka.

Kuhusu muda, sikatai kwamba orodha ya kampuni inabana. Lakini tazama kilichotokea tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilipoporomoka na kuua mafundi waliokuwa wakiikarabati. Kituo kikubwa kuliko vyote katika ziara zetu kilifungwa, na wengi wetu tulibaki tukisimulia jengo kutoka nje ya uzio. Muda ule uliokuwa ukitumika ndani ya jumba ungetosha kuvuka barabara na kufika Mlandege. Kilichopungua ni matayarisho yetu wenyewe.

Tena mgeni si Mzungu peke yake. Wanafunzi wa Unguja wanamaliza skuli bila kujua habari ya mgomo wa 1928. Ndugu zetu wa bara wanakuja likizo, wenzetu walioko Oman wanakuja kutafuta makaburi na nyumba za wazee wao. Hao hawahitaji kushawishiwa kwamba Miembeni au Kikwajuni ina habari, kwa kuwa wengi wana jamaa huko. Ziara ya Kiswahili, kwa bei ya mwenyeji, siku za mapumziko, ingetupa sisi mazoezi na ingewapa wao mji wao.


Mvita

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mjadala wenu unatuhusu pia. Hapa mgeni hupelekwa Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingia urithi wa dunia mwaka 2011, akapitishwa haraka vichochoro vichache vya Mji wa Kale, kisha gari likamrudisha hotelini. Katika kurudi huko upande wa Nyali, gari linapita Kengeleni, palipo na mnara wa kengele wa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Dizaini ya mnara ni ya kawaida na magari ni mengi, kwa hiyo dereva hasimami. Vizazi vya watu wale wapo, wana makanisa yao, makaburi yao na kumbukumbu zao, na walikuwa miongoni mwa wasomi na walimu wa mwanzo wa pwani hii.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: mnapowatumia wasimulizi wa mtaa, mnafanyaje simulizi ya mtu mmoja inapopingana na nyaraka, au na simulizi ya jirani yake? Kwetu jambo hili limewahi kuzua ugomvi wa koo.


Mwalimu Mstaafu wa Kikwajuni

Bwana Mvita, swali lako ni la msingi. Mimi huwafundisha vijana kutenganisha mambo matatu wanapozungumza: niliyoyaona, niliyoambiwa, na yaliyoandikwa. Msimulizi akisema "bibi yangu alinieleza kwamba", hakuna anayeweza kumgombeza, kwa kuwa ametoa ushahidi na ametaja alikoupata. Ugomvi huja pale anapogeuza maneno ya bibi yake kuwa hukumu juu ya ukoo wa mwingine. Na nyaraka nazo zisiabudiwe. Afisa wa kikoloni aliyeandika juu ya wagomaji wa 1928 au wa 1948 alikuwa na maslahi yake, na alikuwa akiwaandikia wakubwa wake. Nimesoma ripoti zinazowaita watu wa Ng'ambo wavivu katika mwaka ambao mikono yao ndiyo iliyopakia karafuu zote za kisiwa.


Binti wa Michenzani

Kaka mwanzilishi na mwalimu wangu, nimeridhika na majibu kuhusu picha na ukubwa wa makundi. Nina ombi moja zaidi. Tafuteni wasimulizi wanawake. Tumetajiwa Siti, na ni vyema, lakini baada yake wamefuata wanawake wengi walioimba, walioshona kofia, waliofundisha madrasa majumbani, waliosusia chakula cha sherehe wakati wa mgomo wa kodi na waliouza vitumbua ili watoto wasome. Mwanamke hatamsimulia mwanamume asiyemjua mambo ya uani. Mkimpa kazi hiyo binti wa mtaani, atasimuliwa.

Na mpange saa vizuri. Msilete kundi Ijumaa mchana wakati wa sala, wala Ramadhani mkawa mnakunywa maji barabarani mbele ya waliofunga.


Mtembeza Wageni wa Malindi

Dada yangu, ombi lako nimelikubali, na ningependa wewe uwe wa kwanza, ukiridhia. Niandikie faraghani.

Kwa wengine wote, haya ndiyo ninayoanza nayo. Nitaipita njia ya Darajani, Mlandege, Vikokotoni, Kisiwandui, Michenzani, Raha Leo na Kikwajuni pamoja na mwalimu, tukiwa sisi kwa sisi, bila mgeni, ili tukubaliane mahali pa kusimama, mahali pa kuomba ruhusa na mahali pa kupita kimya. Watembezaji wenye leseni wanaotaka kujiunga wanakaribishwa, na mwenye picha za zamani za mitaa hii, au aliye na mzee anayeukumbuka mgomo wa 1948 au siku za treni kutokana na masimulizi ya wazazi wake, aandike hapa chini jina la mtaa tu, bila jina la mtu wala nyumba, nasi tutamtafuta kwa adabu.